Panya Sita na Gome la Mama

Mimi ni mwoga. Walionijua Eldoret miaka ile watakataa. Watasema yule mama alikuwa pilipili, aligombana na muuza maziwa, na karani wa mishahara, na hata mchungaji wa kanisa lake mwenyewe. Ni kweli niligombana nao wote. Lakini najijua: mimi hufoka nikiogopa, na siku zile nilikuwa naogopa kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni. Sikuwa peke yangu. Ilikuwa miaka michache baada ya ile Agosti mbaya ya jaribio la kupindua serikali, chama kilikuwa kimoja, na mtu akikusalimia kwa bidii sana unaanza kujiuliza jana ulisema nini. Ukuta ulikuwa na masikio. Tulifyata ndimi, tukalipia kadi ya chama, tukaenda kazini.

Nilikuwa msaidizi katika maabara moja ndogo ya serikali. Kuosha vyombo vya vioo, kupima, kuchemsha, kuchuja, kuandika namba, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Tulikuwa watatu tu. Mkubwa wetu alikuwa Daktari, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyesoma ng'ambo, tuliyemwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu mtu hata mafua. Halafu kulikuwa na Mzee wa panya, naye pia alitoka magharibi, aliyewatunza panya weupe wa majaribio kwenye chumba cha nyuma. Mzee aliwalisha, aliwabadilishia maranda, na aliwaimbia nyimbo za kanisa kwa lugha ya kwao. Alisema panya asiyeimbiwa hanenepi. Hakuna aliyembishia.

Daktari alikuwa na ndoto moja. Alitaka kuchukua miti ambayo wazee wetu hutibu nayo, aipeleke maabara, ajue ni upi unaponya na ni upi mchungu tu. "Uchungu si dawa," alizoea kusema. "Uchungu ni uchungu." Siku moja akatuambia kila mtu akienda nyumbani alete kitu: mzizi, jani, gome, chochote watu wa kwao wanachoamini. Alisema kwa sauti ndogo kidogo kuliko kawaida. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini.

Mama yangu aliishi Timboroa, karibu na msitu, kwenye baridi ile ya kulala na sweta. Alikuwa mjane, muumini wa kanisa, mkulima wa viazi, na alijua dawa ya kifua. Watu walimjia kutoka Ainabkoi na mbali zaidi, wakiwa na watoto wanaokoroma kifuani. Dawa yake ilikuwa gome la mti fulani. Jina la mti sitaliandika. Si siri yangu peke yangu, na nimeshasema maneno ya kutosha kuhusu huo mti.

Mmoja wa watoto wale alikuwa wangu. Msichana, umri wa miaka minne na kidogo, mwembamba, mwenye maswali mengi. Kifua kilikuwa kinambana mpaka mbavu zinahesabika. Hospitali walinipa sharubati ya rangi nyekundu, ikaisha, wakanipa nyingine, ikaisha. Baba yake alikuwa anafanya kazi Kisumu na alikuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na chumba mtaa wa Kapsoya, pale Eldoret, na mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa ametoroka. Mama akasema, "Mlete huku. Nipe mwezi mmoja." Nikampeleka. Alikuwa akipewa dawa kila asubuhi na kila jioni, nusu kikombe ndani ya supu ya mifupa, na nilipokwenda kumwona baada ya wiki mbili alikuwa anakimbiza kuku.

Sasa mtu ataniuliza, kama mtoto alikuwa anapona, ulipeleka gome maabara la nini? Nitajibu ukweli. Kidogo ilikuwa maringo, nilitaka dawa ya mama yangu ishinde za wengine. Kilichobaki kilikuwa woga. Mimi ni mtu wa koti jeupe na mizani, na mtoto wangu alikuwa anakunywa kitu ambacho hakuna aliyekipima. Nilitaka karatasi ya serikali iniambie kwamba sijafanya ujinga.

Sikumwambia Mama sababu hiyo. Nilimwambia mkubwa wangu anataka kuona dawa za nyumbani. Alifikiri kidogo, akachukua panga dogo, tukaenda ukingoni mwa msitu. Alibandua gome upande unaotazama jua likichomoza, kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha akapaka kidonda cha mti kwa matope na samadi ili usikauke. Alifunga gome kwenye pakiti kuukuu ya unga. "Chemsha vile tunachemsha," akaniambia. Nikasema sawa.

Kazini nilijaza fomu. Sampuli namba kumi na moja. Inatoka kwa: mwanamke, Timboroa. Matumizi: kifua. Matayarisho: kuchemsha. Nilipofika mahali pa jina nikaacha wazi, kwa sababu miaka ile hukuandika jina la mama yako kwenye karatasi ya serikali kama hukulazimishwa.

Nilikausha gome kivulini, nikalisaga, nikalichemsha mwenyewe. Daktari alikuwa na utaratibu wake ulioandikwa na kubandikwa ukutani: chemsha, chuja, usipoteze hata tone. Sikupoteza hata tone. Nilichuja maji yote, mengine nikayaweka kwenye chupa, mengine nikayakausha mpaka ukabaki unga mweusi kama masizi. Alhamisi, Mzee wa panya aliwashika panya sita mmoja mmoja kwa shingo, na Daktari akawanywesha kwa sindano butu ya kufika kooni. Niliandika saa, nikaandika uzito, nikaenda nyumbani nikapika ugali.

Ijumaa asubuhi nilipofika sikusikia nyimbo. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya, na Mzee alikuwa amesimama mbele ya kizimba, kofia mkononi.

"Mama," akaniita, kwa sababu hakuwahi kuniita jina, "hawa wako wameenda."

"Wangapi?"

"Wote."

Sita. Walikuwa wamelala ubavu, manyoya yamesimama, miguu imenyooka kama wamevutwa. Nilitazama vizimba vya pembeni, vya sampuli namba kumi na namba kumi na mbili. Panya wale walikuwa wanakula. Ni wa Mama tu waliokuwa wamekufa.

Sikupiga kelele. Nilishika meza. Nilichokuwa nafikiria ni kikombe kimoja cha bati chenye maua ya buluu, kikombe cha mtoto wangu, na kwamba saa hiyo tayari alikuwa amekunywa cha asubuhi.

Daktari alikuja, akainama, akawatazama kwa muda. Aliponyooka uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa huruma. Alifunga mlango.

"Sampuli hii tunaifuta," akasema. "Namba kumi na moja haikuwahi kuwepo."

"Kwa nini, Daktari?"

"Kwa sababu barua ya ruhusa kutoka Nairobi haijakuja. Nilifikiri itakuja. Tukisema tumepata sumu, tutaulizwa, nani aliwaambia mtafute sumu? Mnatafutia nani?" Akapangusa miwani. "Mnaelewa vile swali kama hilo linaweza kwenda."

Tulielewa. Mzee alitazama kofia yake.

"Huyo mwanamke wa Timboroa ni nani?" Daktari akauliza. "Anajua unakofanya kazi?"

"Ni mama yangu," nikasema. "Na mtoto wangu anakunywa hiyo dawa. Anainywa sasa, wiki ya tatu."

Daktari alivuta kiti, nikadhani ni chake, kumbe alikuwa ananipa mimi. Sikukaa. Nilichukua kalamu nikaanza kupiga hesabu nyuma ya fomu: panya gramu ishirini, mtoto kilo kumi na tano, nusu kikombe mara mbili kwa siku. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Mtu mwenye akili zake angejiuliza, mtoto amekunywa wiki tatu na bado anakimbiza kuku, mbona panya wafe kwa siku moja? Nilijiuliza. Lakini kazi ile ilikuwa imenifundisha kwamba kuna sumu za haraka na kuna sumu za kujaza pole pole, zinakaa kwenye ini zinangoja, na siku ya kuonekana huwa umechelewa. Ubaya wa kujua kidogo ni huo. Asiyejua angelala.

"Nenda," Daktari akasema. "Sikukupa ruhusa. Sikukuona."

Nikatia chupa ya maji ya gome kwenye mkoba, ili Mama asinibishie, nikaondoka. Nilifika karibu na stendi ndipo nikakumbuka sijavua koti jeupe, na nikakumbuka jingine baya zaidi: kadi ya chama niliiacha Kapsoya, kwenye mkoba wa kanisa. Vijana wa chama walikuwa wamesimama kwenye lango la stendi siku hiyo wakikagua. Bila kadi hupandi. Kurudi Kapsoya na kuja tena kungechukua karibu saa mbili, na dawa ya jioni Mama alikuwa akiitoa mapema, jua likiwa bado juu, kwa sababu ya baridi. Nilizunguka nyuma ya maduka, nikatembea mpaka barabara ya Nakuru, nikasimama pale mpaka jua likapita utosi, nikipungia mkono kila kilichokuwa na magurudumu.

Lori la mbao tupu likanichukua. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nilikaa nimekumbatia mkoba. Niliomba njia nzima, lakini yalikuwa maombi ya ovyo, ya kufanya biashara na Mungu: huyu mwache, nichukue mimi, au chukua kazi, au chukua chochote.

Karibu na njia panda ya Ainabkoi kulikuwa na kizuizi cha polisi. Misumari barabarani, askari wawili. Mmoja alizungumza na dereva, wa pili akaja upande wangu.

"Shuka. Kitambulisho."

Nikatoa.

"Kadi ya chama?"

"Nimeisahau nyumbani, afande."

"Umesahau." Alinitazama koti. "Wewe ni daktari?"

"Hapana, afande. Nafanya maabara."

"Fungua mkoba."

Alitoa leso, akatoa kitabu cha nyimbo, akatoa chupa. Aliinua juu akaitazama kwenye mwanga. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyolala. Kwenye chupa nilikuwa nimebandika karatasi ndogo yenye namba tu, kumi na moja.

"Hii ni nini?"

"Dawa, afande. Ya kifua."

"Kumi na moja ndiyo nini? Mko watu kumi na moja?"

"Ni namba ya chupa tu."

"Zile zingine kumi ziko wapi?"

Leo naweza kucheka. Siku ile sikucheka, maana watu walikuwa wanafungwa kwa vitu vidogo kuliko chupa. Nilisema ziko kazini. Alinusa, akakunja uso. Akaniuliza kama ni chang'aa, nikasema si chang'aa. Akauliza kama ni petroli. Nikasema afande, petroli haina rangi hiyo, na nilisema kwa ule ukali wangu, mdomo wangu huwa haungoji ruhusa.

Akaninyooshea chupa.

"Kama ni dawa, kunywa nione."

Niliipokea. Mbele yangu kulikuwa na askari mwenye bunduki begani, nyuma yangu kulikuwa na lori lenye injini inayonguruma, na kwenye mkono wangu kulikuwa na kilichoua panya sita. Nikikataa, ningesema kwa nini? Nikisema ni sumu, ningelala selo Ijumaa mpaka Jumatatu nikieleza sumu ni ya nani, na jioni ile mtoto angekunywa, na Jumamosi angekunywa, na Jumapili. Nilifungua. Nilitia funda moja mdomoni.

Niliificha chini ya ulimi. Ilikuwa chungu sana, ya kukaza taya. Askari alinitazama, nami nikamtazama, na sikuweza kuongea kwa sababu ya kilichokuwa mdomoni, kwa hiyo nikatikisa kichwa kama mtu aliyekunywa dawa. Akacheka. "Enda," akasema. "Na siku nyingine beba kadi." Nilipanda lori nikiwa nimefumba mdomo, na gari lilipopita misumari nikatoa kichwa dirishani nikatema. Lakini nyingine ilikuwa imeshapita. Niliisikia ikishuka. Baada ya kilomita chache midomo yangu ilianza kuwa mizito, na mpaka leo sijui kama ilikuwa dawa au hofu.

Timboroa nilishuka nikakimbia. Njia ya kwetu inapanda, na hewa ya kule ni nyembamba. Nilifika uani natweta. Kulikuwa na watu watatu kwenye benchi la mbao nje ya jiko, wakingoja dawa: mzee mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, na mke wa naibu wa chifu, amevaa kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Mlangoni mwa jiko Mama alikuwa ameinama. Mtoto wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono miwili kwenye kikombe cha bati, amekiinua.

Nilikipiga. Sikukichukua, nilikipiga kwa kiganja, na pamoja nacho nikampiga mtoto kwenye shavu. Supu ilimwagika kwenye nguo yake. Alinitazama. Hata hakulia kwanza.

"Mama, unaua watu," nikasema. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Unawapa watu sumu. Panya wote wamekufa. Wote sita. Unamwua mtoto wangu."

Hapo ndipo mtoto akalia. Yule mama wa benchini alimshusha wake mgongoni akamkumbatia kifuani, akasimama. Mzee akatazama chini. Mke wa naibu wa chifu hakutazama chini. Alikuwa anasikiliza vizuri sana.

Mama alinyooka pole pole. Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Panya gani?" akauliza.

Nikamweleza, nikikatakata maneno: gome lake, maabara, sindano, Ijumaa asubuhi. Nilitoa chupa nikamwonyesha. Aliishika, akainusa mara moja tu.

"Haya ni maji ya kwanza," akasema.

"Ni maji ya gome lako."

"Maji ya kwanza ulimwaga wapi?"

Mama alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza mlango wa nyumba yao uko wapi.

"Wewe ndiye ulikuwa unayamwaga," akasema.

Ni kweli. Tangu nikiwa na umri wa miaka sita mpaka nilipoenda shule ya bweni, hiyo ilikuwa kazi yangu. Mama alichemsha gome jioni, akaliacha lilale, na asubuhi kabla hatujasalimiana na mtu alinipa sufuria nikamwage maji yale shambani, kwenye mashimo ya fuko, kwa sababu fuko walikuwa wanamaliza viazi vyetu. Tuliyaita maji ya fuko. Nilirudi na gome kwenye sufuria, Mama akatia maji mapya, akachemsha tena, na hayo ya pili ndiyo yaliyokuwa dawa. Nilishafukua fuko waliokufa kwa mikono yangu, miguu imenyooka. Kichwani mwangu maji ya fuko yalikuwa kitu cha shamba na dawa ya kifua kitu cha jikoni, na sikuwahi kuviweka pamoja. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angesema "mwaga maji ya kwanza". Kwetu hata mtoto alijua, na aliyejua zaidi alikuwa mimi. Ukimwambia mtu achemshe vile mnachemsha, umemwambia yote. Nami nikaandika kwenye fomu neno moja, kuchemsha, na karatasi ya ukutani ikaniambia nisipoteze hata tone.

Mama aliona midomo yangu. "Umekunywa?" akauliza. Nikaitikia. Hapo ndipo nilipomwona akiogopa. Aliniketisha pale pale chini, akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mkaa, akaninywesha mpaka nikatapika, akaninywesha tena. Alikuwa ananishika shingo kwa nyuma kama nilivyoshikwa nikiwa mtoto. Nilitaka kumwomba msamaha na kila nikifungua mdomo akanitilia maziwa. Tulipoinua vichwa, benchi lilikuwa tupu.

Jumatatu nilirudi kazini. Daktari hakuuliza, ila aliniona nimerudi nikiwa nimevaa viatu vya kazini wala si nguo za matanga, akaelewa. Nilimweleza maji ya kwanza. Akasema kwa sauti ile ndogo, "Chemsha tena. Vile mnachemsha." Tulifanya kimya kimya, bila fomu. Mzee aliwaimbia panya wapya sita. Waliishi, wakala, wakazaa. Daktari alifurahi kwa siku mbili. Kisha barua kutoka Nairobi ilikuja, na ilisema hapana. Alifunga daftari lake kwenye kabati, nasi tukarudi kupima mkojo na maji ya visima. Kwa hiyo hakuna karatasi yoyote ya serikali inayosema dawa ya Mama ni nzuri. Inayosema ni mbaya iko.

Maana miaka ile neno likisemwa mbele ya watu watatu lilifika ofisi ya chifu kabla ya giza. Naibu wa chifu alikuja wiki ile ile na askari wawili wa utawala. Hakumtukana Mama, kwani Mama ndiye aliyewatibu watoto wa huyo naibu mwenyewe. Alisema tu kwamba amepata habari, na kwamba habari imetoka kwa binti wa nyumba hiyo hiyo, mtu wa maabara, na yeye angefanya nini? Walichukua sufuria. Walichukua gunia la magome. Walimpa karatasi aweke dole gumba, kwamba hatatibu tena, na Mama akaweka. Nilikwenda kwa chifu mara tatu kueleza juu ya maji ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu aliniuliza, kwa upole, kama nilikuwa nasema ukweli wakati ule au sasa. Nilifyata ulimi. Watu wa Ainabkoi waliendelea kuja kwa muda, wakaambiwa warudi, wakaacha kuja.

Mama hakuniambia neno la lawama hata siku moja. Ningefurahi kama angenifokea. Ningejua pa kuanzia.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Mtoto wangu alikataa kula kwa Mama. Jioni ile ile alikataa ugali, nikadhani ni hasira ya kile kibao. Asubuhi alikataa chai. Nilimrudisha mjini, kifua kikambana tena, tukalala hospitali siku tano nikihesabu mbavu zake, na akapona kwa sindano. Alipokuwa mzima nilimpeleka kwa nyanya yake, anayemwita Kogo, ili mambo yaishe. Kogo akamletea uji. Mtoto alitazama kikombe, akanitazama mimi, akaweka mikono nyuma. Nilimbembeleza. Nilimweleza kwamba Mama alikosea, yaani mimi. Nilikunywa mbele yake. Nilifoka pia, Mungu anisamehe. Mtoto wa miaka minne humwelezi habari za maji ya kwanza. Alikuwa ameniona nikikimbia kutoka mjini kuja kukipiga kikombe, na aliamini alichoona, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mama yake na sikuwahi kumdanganya.

Tulidhani atasahau. Alikua, akaenda shule, akawa msichana mrefu mwenye adabu. Alimpenda Kogo, alimsaidia kuvuna viazi, alimsomea Biblia. Ila chochote cha kuingia mdomoni kikitoka mkononi mwake, alingoja kwanza anione mimi nimekikubali. Nadhani mwenyewe hakujua kwamba anangoja.

Mama alijua. Alitafuta njia yake bila kutuuliza. Nakumbuka likizo moja, mtoto akiwa karibu kuingia sekondari, tumekaa watatu kwenye benchi tukiota jua. Mama alikuwa ametoa viazi kwenye chungu, akachagua kimoja kizuri, akakimenya kwa kucha, akakipuliza mpaka kikapoa. Mtoto alikuwa ameketi katikati yetu, bega lake limegusana na la nyanya yake.

Mama alinyoosha mkono kupita mbele ya kifua chake, akaniletea mimi kile kiazi.

"Mpe wewe," akasema.

Nilikipokea, nikampa, naye akala.